Korbeyi Haimwagwi na Mtu Mmoja

Karadio ka wajane kalikuwa kadogo kama sabuni iliyokwisha kuogewa wiki nzima. Mama Émilie, mmoja wa wajane hao, alikuwa amekafunga ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kifua cha nguo yake, kwa hiyo alipofika kwa Arsène, pale mtaani Kabondo anapowaandikia watu barua kwa mashine na kuwatolea fotokopi, ilibidi kwanza ageukie ukuta ndipo aweze kukatoa.

"Arsène, mwanangu," akasema, "kesho ni siku ya Mungu. Kafungue."

Na siku hiyo ya Mungu haikuwa ya kawaida. Kwa miaka sita wajane saba wa parwasi walikuwa wakiomba nafasi ya kuimba mbele ya kanisa zima, na kwa miaka sita Papa Faustin, mkubwa wa korali, alikuwa akiwajibu kwa ule upole unaouma kuliko kofi. "Mama zangu, ninawapenda mu Bwana. Lakini nyinyi munaanzaka wimbo ku bandari, munamaliziaka kule juu, ku maporomoko ya Wagenia. Hata pirogi yenye moteri haipandishake mto hivyo."

Mwaka huu alikubali, akaweka sharti moja: wajane waimbe na gitaa, ili gitaa liwashike mkono njiani. Kama hakuna gitaa, hakuna wajane.

Mpiga gitaa alikuwa mzee Zakaria. Siku ya tatu, yaani Jumatano, alikaa nao katika kile chumba cha nyuma ya kanisa, akabonyeza kabutoni kekundu ka kurekodi, akapiga nyimbo tatu, na karadio kakazimeza zote bila neno. Wajane wakakaacha pale mezani, wakafunga mlango, wakaenda kupika. Kesho yake asubuhi Zakaria alirudi kupiga wimbo wa nne, karadio kakakataa. Kalikuwa kameandika kwenye kioo chake maneno mawili ya Kifaransa, MÉMOIRE PLEINE, maana yake tumbo limejaa.

Zakaria alikuwa na safari. Mpwa wake alikuwa anaolewa Yanonge, na pirogi haimngoji mtu. Basi wimbo wa nne akaupigia kwenye simu yake, akapita kwa Arsène akauacha ndani ya kompyuta, akawaambia wajane: "Kazi iko rahisi. Arsène atahamisha tu." Mama Émilie ana miaka sitini na mitatu, na ameshaona kwamba mtu anayesema kazi ni rahisi mara nyingi ndiye anayeondoka.

Wimbo wenyewe wa nne ndio ulikuwa mzigo. Zile tatu ni nyimbo za kitabu, kila mtu anazijua. Wa nne waliutunga wao, jioni baada ya jioni, wakichambua majani ya pondu, na jina lake ni "Mtumbwi Wake Hauvuji." Kusimama mbele ya kanisa bila huo ilikuwa sawa na kuandaa mboga, sahani na maji ya kunawa, halafu kuwaambia wageni kwamba lituma yenyewe, zile ndizi za kupondwa, haipo.

Arsène alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye vidole vya haraka. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekubali kuamka asubuhi hiyo, na yeye alitaka kuutumia kabla haujabadilisha mawazo. Akachukua kamba, akachomeka upande mmoja kwenye karadio na upande wa pili kwenye kompyuta. Karadio kakawaka taa. Kompyuta ikanyamaza.

"Haikaone," akasema Arsène.

"Lakini taa iko."

"Kamba hii inalisha tu, Mama. Inapeleka moto, haipitishe maneno."

"Kama marehemu bwana ya Rosine," akasema Mama Émilie. "Alikuwa analeta unga kila siku, miaka makumi mbili, na neno hata moja. Tafuta kamba ingine."

Arsène akatafuta ndani ya boksi lililojaa kamba kama nyoka wa mvua, akapata nyingine, na safari hii kompyuta ikalia kidogo, tuit, ikaonyesha karadio kwa picha. Akaukamata wimbo wa Zakaria, akauburuta mpaka kwenye karadio, akauachilia. Kompyuta ikaandika kwamba nafasi hakuna.

"Bon," akasema Arsène. "Kamejaa. Donc tunapunguza."

Kompyuta ile aliinunua kwa mwalimu mmoja wa université aliyehama mji, na ilikuwa na desturi zake. Haikufanana na za wengine, haikupokea amri za wengine, na Arsène alikuwa bado anaizoea, kama mtu aliyeoa mke wa kabila lingine. Akaanza kufuta. Karadio kalikuwa kamenunuliwa sokoni, mkononi mwa mtu, na vitu vya mwenyewe wa zamani vilikuwa bado vimo. Matangazo ya sabuni. Muziki wa kucheza. Mhubiri mmoja ambaye hata jina lake lilikuwa linapiga kelele.

Mama Émilie alisogeza kiti chake karibu, akakaa akitazama kidole cha Arsène. Hakujua kusoma haraka. Darasa la sita ndipo alipoishia, na zamani. Lakini macho hayana pazia, na yake yalikuwa yamezoea kutazama mikono ya watu.

"Hiyo unatupa nini?"

"Vitu ya bure, Mama."

"Umeisikiliza?"

"Jina inatosha. Ona, hii iko 'Sabuni'. Hii iko 'Sabuni mbili'."

"Na hizi ine zenye kufanana?"

"Hizi zimeandikwa VOICE. Ni Kingereza, maana yake sauti. Ni watu tu wanazungumuza, si muziki." Na kidole kikashuka mara nne.

Mama Émilie alikunja vidole vinne vya mkono wa kushoto, akaviacha vimekunjwa.

Arsène akarudia kuuburuta wimbo. Nafasi hakuna. Akafuta zaidi, mpaka karadio kakaonekana tupu kama chungu cha siku ya kufunga. Nafasi hakuna. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Akazima kila kitu, akawasha kila kitu, hiyo dawa ya mafundi wa dunia yote. Nafasi hakuna.

"Mutu hawezi kuwa na njaa na kushiba saa moja," akasema Mama Émilie.

Arsène akakaa akikuna kichwa. Halafu akapiga paja lake. "Nimejua. Mashine hii haitupake kabisa. Vitu yote yenye nimefuta ingali ndani ya karadio, imejificha. Iko ku korbeyi. Tunamwaga korbeyi, nafasi inapatikana, tunamaliza." Na mkono wake ukaenda.

"Toa mukono."

Arsène akautoa mkono. Hakujua kwa nini ameutoa, lakini sauti ile ilikuwa imemwondolea mikono maishani mwake tangu shule ya siku ya Mungu.

"Umesema iko ku nini?"

"Ku korbeyi, Mama."

Lazima mjue kwamba Mama Émilie alikuwa shemasi, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekibeba kile kikapu cha matoleo ambacho kanisani hakuna anayekiita kikapu. Kinaitwa korbeyi, toka wakati wa wazungu. Aliipitisha kila siku ya Mungu kutoka benchi la kwanza mpaka la mwisho, ikapokea kila kitu ambacho mkono wa binadamu unaweza kumpa Mungu, mayai, ndizi, vifungo vya shati, na mara moja bata. Na mwaka ule wa mvua nyingi ilipokea jino la Papa Faustin.

Alikuwa amepiga chafya wakati korbeyi inapita mbele yake, na lile jino la mbele la kubandikwa likaruka. Hakuna aliyeliona, naye Papa Faustin kwa aibu hakusema. Baada ya ibada mzee mmoja akaimwaga korbeyi ndani ya gunia peke yake, haraka haraka, jino likaenda na mihogo ya maskini. Kwa wiki tatu mkubwa wa korali hakuweza kutamka F wala V. Alimwita Bwana "mhalme wa nguhu zote." Alipojitambulisha kwa wageni alisema anaitwa Haustin. Jino lilipatikana siku ya ishirini na mbili, ndani ya ugali wa mjane mmoja kule ng'ambo ya mto, Lubunga, aliyedhani ni baraka.

Siku hiyo kanisa lilitunga sheria, ikasomwa mbele ya wote: korbeyi haimwagwi ila mbele ya mashahidi wawili, wakitazame kila kitu kwanza kimoja kimoja, na kile kisichojulikana ni cha nani kibaki mezani mpaka siku ya Mungu, kanisa zima likione na kuulizwa.

"Mama," akasema Arsène, "hii ni korbeyi ya takataka. Ni jina tu."

"Nani alikutuma kuweka takataka mu korbeyi?"

"Si mimi. Ni wenye walitengeneza mashine."

"Hao nitawaombea. Wewe na mimi tuko kanisa moja. Mimi ni shahidi moja. Tafuta wa pili."

"Mimi si niko hapa?"

"Wewe njo mwenye kumwaga. Mwenye kumwaga hajishuhudie."

Arsène alitazama saa, akatazama taa ya umeme, akaona kwamba kubishana kungekula muda kuliko kutii. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi wa viatu, Papa Faustin mwenyewe alikuwa amekaa akingoja kiatu chake cha kuume kishonwe kwa ajili ya kesho. Mama Émilie akasimama mlangoni, akamwita. Papa Faustin akavuka barabara na kiatu kimoja, akiruka matope kama korongo.

Akaelezwa. Akatabasamu, jino likang'aa.

"Lakini Mama Émilie, juu ya nini kujichosha? Mwageni tu. Na kama inashindikana, Mungu haonee mutu. Korali yangu inaweza kujaza nafasi yenu."

"Papa Faustin, hii sheria ilizaliwa mu kinywa yako. Kaa."

Papa Faustin akakaa, akificha mguu mtupu nyuma ya ule wenye kiatu.

Arsène akaifungua korbeyi ya mashine, akaanza kusoma. "Sabuni."

"Mashahidi wameona?" akauliza Mama Émilie.

"Tumeona," akasema Papa Faustin.

"Sabuni mbili."

"Tumeona."

Wakaona sabuni kumi na nne. Wakaona muziki wa kucheza, arobaini na moja, na Papa Faustin alizijua nyingi kwa majina kuliko inavyomfaa mkubwa wa korali. Wakamwona mhubiri. Ndipo Arsène akasoma, "VOICE, moja," na Mama Émilie akanyoosha kidole cha kwanza kati ya vile vinne alivyokuwa bado amevikunja.

"Rudisha hiyo. Nataka kuisikia."

Arsène akaitoa kwenye korbeyi, akairudisha mahali pake, akaibonyeza. Kikatoka kikohozi. Kikohozi kile Kabondo nzima inakijua, kavu, cha mara mbili, cha mtu anayevuta tumbaku kisirisiri. Na nyuma yake gitaa.

Ni Zakaria. Ya pili ilikuwa Zakaria. Ya tatu ilikuwa Zakaria, nazo pia zikarudishwa mahali pake.

Karadio ndiko kalikokuwa kamezipa nyimbo yale majina, kwa kuwa zilirekodiwa na kabutoni kekundu, na Arsène alikuwa amezitupa kama maganda ya ndizi. "Mama," akasema polepole, "kama ungeniacha, ningemwaga gitaa yote."

"Njo maana ya mashahidi," akasema Mama Émilie. Moyo wake ulikuwa unapiga kama mwiko kwenye sufuria, lakini uso wake ulikuwa wa shemasi. "Soma ya ine."

"VOICE, ine. Hii..." Arsène akakaribia kioo. "Hii ni kubwa sana. Iko na urefu ya masaa kumi na moja. Mama, hii njo ilijaza karadio. Hii peke yake."

"Saa kumi na moja? Nani anasemaka saa kumi na moja? Hata pasteur wa konferansi hafikishe."

Papa Faustin akakohoa. "Hiyo tupeni. Itakuwa kelele tu."

"Papa, haujaisikia bado."

"Ninasema tu kwa vile umeme inaweza kukatika."

"Bonyeza, Arsène."

Mwanzoni kikasikika kishindo cha kitu kizito, kama kitabu cha nyimbo, kikiwekwa karibu sana. Mlango ukafungwa. Zikapita hatua za mtu aliye peke yake. Kisha sauti ya mwanaume ikaanza kuimba, laini, juu, kama sauti ya mwanamke anayebembeleza mtoto wa mwenzake:

"Mtumbwi wake hauhuji,
hata mto ukihurika..."

Aliimba beti zote. Akarudia. Mara ya tatu aliingiza na miguu, viatu vikasikika vikicheza sakafuni, vyote viwili. Halafu akashusha pumzi, akasema peke yake, "Ahadhali," badala ya afadhali, akatoka. Arsène akasogeza mbele: mvua juu ya mabati. Akasogeza tena: panya. Tena: panya yuleyule au ndugu yake. Mwishoni kabisa jogoo, na ufagio wa mlinzi wa kanisa.

Ndani ya nyumba ya Arsène hakuna aliyemtazama mwenzake. Arsène alikuwa ameinamia chini akitafuta kamba ambayo haikuanguka, mabega yakimtetemeka.

"Ya nani hii?" akauliza Mama Émilie.

"Sijue," akasema Papa Faustin. "Mutu tu."

"Haujue."

"Watu wenye kuimba iko wengi mu hii mji."

Mama Émilie akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali. "Bon. Sheria iko wazi. Kenye haina mwenyewe inabakia ku meza. Arsène, usiimwage hiyo. Kesho, nyuma ya mahubiri, tutaiweka ku haut-parleur, kanisa yote isikilize, tuulize: hii sauti ni ya nani?" Akafikiri kidogo. "Tutaanza na ile sehemu ya kucheza."

Papa Faustin alikuwa mtu wa hesabu. Aliona benchi zote, na vijana wa korali yake kwenye benchi hizo. Akautazama mguu wake mtupu kwa muda mrefu.

"Ni yangu," akasema.

"Sema mashahidi wasikie."

"Shahidi si niko mimi mwenyewe?"

"Basi ujisikie."

"Ni yangu, Mama Émilie. Niliingia siku ya tatu magaribi kutafuta miwani. Nilitia kitabu juu ya ile kamashini, kumbe ikafinya kabutoni, sikujua inasikilizaka. Asubuhi Sacristain, mulinzi wa kanisa, aliondoa kitabu."

"Na jino?"

"Peke yangu ninaitoaka. Tangu ile mambo ya chafya, ikiwa mu kinywa ninaimba na woga."

"Na wimbo?" Mama Émilie alikuwa ameshusha sauti. "Wimbo ya wajane, wenye kupandisha mto?"

Papa Faustin akazungusha vidole vya mguu. "Iko muzuri," akasema. "Nilisikia munaifanya kwa dirisha. Ilinifuata mpaka nyumbani, ikalala na mimi, ikaamka na mimi. Bibi yangu alinikataza kuiimba ku meza."

Mama Émilie hakucheka. Kuna mambo Mungu anayaweka mkononi mwa mtu ili aone atayafanya nini. Akakunjua kidole cha nne.

"Mwenyewe amepatikana," akasema. "Mashahidi wameona?"

"Tumeona," akasema Papa Faustin kwa sauti ndogo.

"Arsène, mwaga."

Arsène akairudisha ya nne kwenye korbeyi, akamwaga. Mashine ikatoa mlio kama karatasi inayokunjwa, Mama Émilie akasema amina, na saa kumi na moja za Papa Faustin, panya na mvua zikaenda pamoja na sabuni zote. Arsène akaukamata wimbo wa Zakaria, akauburuta, akauachilia. Mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama kidogo, wote watatu wakashika pumzi, ukatambaa tena mpaka mwisho. Wakaubonyeza ndani ya karadio. Kikohozi. Gitaa.

Mama Émilie akanyoosha mkono achomoe kamba.

"Ngoja," akasema Arsène. "Mbele ya kutoka tunaomba ruhusa kwa mashine. Ukichomoa bila kuaga, inaweza kuharibu yenye iko ndani."

"Ah," akasema Mama Émilie, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliitazama kompyuta kwa heshima. "Kumbe hapo ilifundishwa." Akainama kidogo. "Tunaenda, mama. Bakia muzuri."

Kesho yake wajane saba walisimama mbele katika vitambaa vyao vyeupe, karadio kakiwa mbele ya mikro juu ya kiti kidogo. Nyimbo tatu zilikwenda vizuri: walianza bandarini, wakamaliza bandarini. Wa nne ulipoanza, ubeti wa kwanza ulitulia. Katika ubeti wa pili Mama Rosine, ambaye furaha humpanda kichwani, akaanza kuelekea Wagenia, na wawili wakamfuata. Ndipo kutoka benchi la korali kubwa ikatoka sauti nzito ya mwanaume, haikupaa wala haikusukuma, ikawashika chini ya kwapa wote watatu, ikawarudisha taratibu mpaka kwenye gitaa. Mtumbwi wake hauvuji, iliimba, na V zote zilikuwepo.

Baadaye Mama Émilie akapitisha korbeyi. Alipofika kwa Papa Faustin, mzee huyo aliweka toleo lake kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshikilia mdomo wake ukiwa umefungwa kabisa. Hata hivyo Mama Émilie akasimama, akainamisha kichwa, akatazama ndani vizuri, ndipo akaendelea kwa benchi linalofuata.